Wamarma na shamba lao la mlimani

Kila mwezi wa Aprili picha zilezile za Wamarma husambaa mitandaoni: wasichana na wavulana wamesimama safu mbili, wamevaa nguo za rangi kali, wanamwagiana maji, wote wameloa chapachapa na wote wanacheka. Picha hizo ni za kweli na furaha iliyomo ndani yake nimeishuhudia. Hata hivyo, nimeamini kwa muda mrefu kwamba anayeanzia kwenye maji hayo hawezi kuwafahamu Wamarma vizuri, kwa sababu sherehe hiyo, kama ilivyo karibu kila jambo katika maisha yao, hufuata ratiba ya shamba. Shamba lenyewe ni la mlimani, linaitwa jum, na hufyekwa, huchomwa na kupandwa kwa utaratibu uliodumu kwa karne nyingi. Nguo, kodi, machifu, sala na chakula vimejengwa juu ya shamba hilo, na leo, ardhi yake inapopungua, vyote hivyo vinatikisika kwa pamoja.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kulisikia jina lao, niseme kwanza ni watu gani. Wamarma ni jamii ya pili kwa wingi, baada ya Wachakma, kati ya wenyeji wa Milima ya Chittagong, eneo la kusini-mashariki mwa Bangladesh linalopakana na India na Myanmar. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu Wamarma wapatao 200,000, na wengi wao wako katika wilaya tatu za milimani, yaani Bandarban, Rangamati na Khagrachhari. Ndugu zao wanaojulikana kama Wamog wanaishi ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Tripura nchini India. Lugha yao iko karibu sana na ile ya Warakhine wa Myanmar na huandikwa kwa herufi za Kiburma, na dini yao ni Ubuddha wa Theravada, yaani madhehebu yaleyale yanayofuatwa Myanmar. Basi katika taifa ambalo raia wake wengi ni Waislamu wa tambarare wanaozungumza Kibangla, wao ni wachache kwa lugha, kwa dini na hata kwa aina ya ardhi wanayoikalia.

Asili yao iko Arakan na Pegu, falme mbili za zamani ambazo leo zimo ndani ya Myanmar. Mwaka 1599 Pegu ilianguka, na mfalme wa Arakan, aliyekuwa miongoni mwa walioiangusha, akaondoka na baadhi ya watu wa nyumba ya kifalme. Mwanamfalme mmoja kati yao alikabidhiwa baadaye utawala wa Chittagong, bandari ya tambarare iliyo magharibi ya milima hiyo, ambayo zama hizo ilikuwa chini ya Arakan, na ukoo wake ndio uliotoa machifu wa Bohmong waliopo Bandarban mpaka sasa. Wamughal, watawala wa Kiislamu wa Bara Hindi, waliitwaa Chittagong mwaka 1666, na watu hao wakazidi kusogea kuelekea milimani. Wengine walifika baada ya mwaka 1784, mfalme wa Burma alipoiteka Arakan na maelfu ya watu wakakimbia kuvuka mpaka. Koo zao hukumbuka safari hizo, kwa kuwa nyingi zimepewa majina ya mito na mahali ambapo mababu waliishi: Wapalaingsa wa Khagrachhari wana jina la mto wa Arakan, na Waragraisa wa Bandarban wana jina la mto Sangu kama wanavyouita wenyewe.

Mimi niliwafahamu kupitia mwanafunzi mwenzangu nilipokuwa nasoma Bangladesh. Kijiji chao kiko juu ya mto Sangu, mahali ambapo wakati huo palifikika kwa mashua ndefu ya injini, na wazazi wake walinipokea kwa moyo ambao bado nauonea shukrani. Mengi ninayoyaandika hapa niliyaona kwao kwanza, kisha nikayasoma baadaye ili niyaelewe.

Kazi ya jum huanza katika miezi ya baridi, Januari na Februari, familia inapochagua mteremko na kuufyeka. Uchaguzi huo si wa mtu kujiamulia peke yake, kwani mzee wa kijiji, anayeitwa karbari, lazima ajue nani analima wapi, na juu yake yuko mkuu wa mouza, yaani eneo lenye vijiji kadhaa. Miti na mianzi iliyokatwa huachwa ikauke juani mpaka Machi au mwanzoni mwa Aprili, ndipo huchomwa. Majivu ndiyo mbolea, na hakuna mbolea nyingine. Kabla ya moto kuwashwa, ukanda mpana husafishwa kuzunguka shamba ili moto usivuke, na wazee hupima upepo kwa makini sana. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo milima huwa na mabaka meusi, na mgeni anayepita kwa gari hudhani ameona uharibifu.

Kisha husubiriwa mvua. Hapa pana jambo linalonigusa mimi niliyezaliwa pwani ya Afrika Mashariki, kwa maana mvua hiyo huletwa na upepo uleule wa kusi tunaoujua. Kusi hupita kwetu ikielekea kaskazini, huvuka Bahari ya Hindi, huingia Ghuba ya Bengal, na ikigonga milima ya Chittagong humwaga maji kuanzia Juni mpaka Septemba. Manahodha wetu waliitumia kufikisha majahazi Bara Hindi, na mkulima wa Kimarma huitegemea kuotesha mpunga wake.

Kupanda ndiyo kazi niliyoitazama kwa karibu zaidi. Wapandaji hujipanga mstari mmoja kuukabili mteremko, kila mmoja akiwa na kikapu kidogo kiunoni chenye mbegu zilizochanganywa: mpunga, pamba, ufuta, mahindi, maboga na matango. Mkono wa kulia hushika panga lenye ncha iliyokatwa butu, ambalo huchoma ardhi mara moja na kuibenua kidogo. Mkono wa kushoto hutumbukiza mbegu chache ndani ya tundu. Panga linapotolewa udongo hurudi wenyewe na kuzifunika. Mama wa rafiki yangu alifanya hivyo bila kuangalia mikono yake, huku akizungumza na dada zake, na kila tundu lilikuwa umbali uleule kutoka kwa lingine. Jembe halitumiki kabisa, kwa kuwa udongo wa mteremko ukitifuliwa huporomoshwa na mvua kubwa ya kwanza. Mbegu huingia pamoja lakini mazao hayakomai pamoja, na hapo ndipo ulipo ufundi wa jum. Mahindi na matango hutangulia mwezi Julai na Agosti, wakati ghala la mwaka uliopita limekwisha, mpunga huvunwa Septemba na Oktoba, pamba hufuata, manjano, tangawizi na majimbi hung'olewa mwishoni. Shamba moja, kwa tundu moja la mbegu, huilisha familia kwa nusu ya mwaka na kuipa kitu cha kuuza katika nusu nyingine.

Mpunga unapoanza kutoa masuke, familia huhamia shambani na kukaa katika dungu la mianzi lenye nguzo ndefu. Huko huamia ndege na kuwafukuza kima na nguruwe mwitu, na kwa kazi hiyo hutandaza kamba kutoka dunguni mpaka pembe za shamba, zenye vipande vya mianzi vinavyogongana kwa kelele kamba ikivutwa. Watoto ndio huvuta kamba. Rafiki yangu aliniambia kwamba nyimbo zote za zamani anazozijua alifundishwa na nyanya yake dunguni, katika wiki hizo za kukesha, na kwamba wadogo zake, ambao wakati wa kuamia huwa shule ya bweni mjini, hawazijui hata moja.

Kutoka shambani tufuate pamba, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi shamba lilivyoshika mambo mengine. Wakati wa utawala wa Wamughal ushuru wa milima hii ulilipwa kwa pamba, kiasi kwamba eneo zima liliitwa kwa jina la zao hilo, na Waingereza waliochukua Chittagong mwaka 1760 waliendelea kupokea pamba kabla ya kudai fedha taslimu. Nyumbani, pamba hiyohiyo ilisokotwa na wanawake na kufumwa kwa kitanda cha mfumi kisicho na fremu, ambacho upande mmoja hufungwa kwenye nguzo ya nyumba na upande wa pili hufungwa kwa mkanda unaozunguka mgongo wa mfumaji. Mfumaji akiegemea nyuma nyuzi hukaza, na akiinama mbele hulegea. Mwili wake ni sehemu ya chombo. Humo hutoka thami, nguo ya mwanamke inayofungwa kiunoni na kushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, ambayo huvaliwa na blauzi iitwayo angi. Siku hizi nyuzi nyingi hununuliwa madukani zikiwa zimetiwa rangi, na thami nyingi sokoni Bandarban zimetoka viwandani nchini Myanmar. Mama mwenyeji wangu alikuwa nazo za kiwandani kwa kazi za kila siku, lakini aliyonionyesha kwa fahari ilikuwa ile aliyoifuma mwenyewe kabla ya kuolewa.

Pamba huingia pia katika ibada. Baada ya msimu wa mvua Wabuddha wa milimani huwapelekea watawa mavazi mapya, na katika baadhi ya nyumba za watawa wanawake hukusanyika kuyatengeneza ndani ya saa 24, kuanzia pamba ghafi, kuisokota, kuitia rangi, kuifuma na kuishona, bila kulala. Sijui zawadi nyingine ya kidini inayobeba kazi ya mkono kwa kiasi hicho.

Sasa niseme kuhusu machifu, kwa kuwa wageni wengi huwachukulia kama mapambo. Milima ya Chittagong imegawanywa katika himaya tatu za kimila, na mbili kati yake zinaongozwa na Wamarma: Bohmong, yenye makao yake Bandarban, na Mong, iliyoko Khagrachhari. Waingereza walioiweka milima hiyo chini ya utawala wao mwaka 1860 waliwaacha machifu wakusanye kodi na kuamua mashauri ya mila, na kanuni za mwaka 1900, ambazo bado zina nguvu ya sheria, ziliuthibitisha mpangilio wa chifu, mkuu wa mouza na karbari. Mashauri ya ndoa, talaka, urithi na ugomvi wa kijiji huanzia kwa karbari, akiwa amekaa chini pamoja na wazee wengine, na mengi huishia hapohapo. Zamani nafasi hizo zilikuwa za wanaume. Sasa wapo wanawake pia, jambo ambalo mimi nimelifurahia.

Urithi wa kiti cha Bohmong una kanuni yake. Kiti hakishuki kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, bali huchukuliwa na mwanamume mkubwa zaidi kwa umri katika ukoo wote wa kifalme. Kwa hiyo Bohmong huwa mzee anapotawazwa, mara nyingi mzee sana, na hutawala kwa miaka michache tu kabla ya zamu kupita kwa mwingine. Wapo wanaoona kwamba utaratibu huo unadhoofisha uongozi. Mimi naona una busara yake: mtu ambaye ameishi miaka mingi kama raia wa kawaida, pengine mwalimu au mtumishi wa serikali, anaifahamu kodi kutoka upande wa mlipaji.

Kodi hiyo ya jum hulipwa katika mkutano mkubwa uitwao Rajpunya, ambao umekuwepo Bandarban tangu miaka ya 1870. Hufanyika katika majira ya baridi baada ya mavuno, mpunga ukiwa ghalani na pamba ikiwa imeuzwa. Wakuu wa mouza na makarbari hushuka kutoka vijijini, wengine kwa mwendo wa siku nzima, na mmoja baada ya mwingine hupiga magoti mbele ya chifu, huweka fedha na zawadi za shamba kama kuku na chupa ya pombe ya wali, kisha hupokea neno lake. Fedha yenyewe ni kidogo mno, na hugawanywa kati ya chifu, mkuu wa mouza na serikali. Thamani ya mkutano iko katika kule kuonana ana kwa ana: kila mwaka kila kijiji kinahesabiwa kuwa kipo, na kila mwenye malalamiko ya ardhi au ya ndoa anapata mahali pa kuyapeleka. Kuna miaka ya karibuni ambayo Rajpunya haikufanyika, na wenyeji wangu walilizungumzia jambo hilo kwa uchungu mkubwa kuliko nilivyotarajia.

Kijiji chenyewe ni nyumba za mianzi zilizoinuliwa juu ya nguzo, ambazo hupandwa kwa ngazi ya gogo lililochongwa vidato. Mbele huwa na uwanja wa mianzi usio na paa, unaotumika kuanikia mpunga na pilipili, kufulia, kufumia na kuzungumza jioni. Chini ya sakafu hukaa kuni, kuku na nguruwe. Wamarma hupenda kujenga karibu na maji, kwenye mabonde, tofauti na baadhi ya jirani zao wanaojenga juu ya vilele, na kwa sababu hiyo wengi wao hulima pia mashamba ya mpunga ya bondeni kwa plau. Pembeni mwa kijiji, mahali palipoinuka na penye utulivu, huwa na kyang, nyumba ya watawa, ambapo wavulana huingia kwa muda kama watawa wanafunzi, wakinyolewa nywele na kuvaa mavazi ya rangi ya manjano. Zamani kyang ndiyo iliyokuwa shule, na aliyejua kusoma Kimarma alijulia huko.

Jikoni kuna nappi. Ni unga mzito wa kamba wadogo au samaki waliotiwa chumvi, wakaachwa wachachuke, wakatwangwa na kukaushwa juani, na huingia karibu katika kila mboga. Wabengali wengi, yaani watu wa tambarare wanaozungumza Kibangla, huikimbia harufu yake, lakini kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba inayopika papa mkavu haikuwa na kitisho chochote. Machipukizi ya mianzi huchemshwa nayo, na majani ya porini huchemshwa bila mafuta na kuliwa na pilipili iliyotwangwa na nappi. Mjini Bandarban chakula cha jioni cha vijana ni mundi, tambi za mchele zinazokandwa na kukamuliwa papo hapo, zikamwagiwa mchuzi mwepesi, samaki mkavu wa unga, pilipili na ukwaju. Nilikula mundi nyingi kuliko ilivyonipasa.

Kuhusu ndoa nitasema machache. Upande wa mvulana hupeleka wazee na kinywaji kwa wazazi wa msichana, msichana huulizwa, na akikubali watawa na wazee hutafuta siku njema. Kitu kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni urithi. Miongoni mwa Wachakma, majirani zao wa karibu, mila haimpi binti fungu katika mali ya baba yake ikiwa ana ndugu wa kiume. Wamarma hufuata sheria za kale za Kibuddha zilizotoka Burma, na kwao binti ana haki ya kurithi, ijapokuwa fungu lake katika maeneo mengine ni dogo kuliko la kaka zake. Niliona tofauti hiyo katika namna wanawake wanavyozungumza mbele ya wanaume kuhusu mifugo na mashamba: kwa sauti ya wenye mali.

Ndipo tunafika kwenye Sangrai na maji yake. Wamarma wana kalenda yao, ileile ya Kiburma, inayohesabu miaka tangu mwaka 638, na mwaka mpya huangukia katikati ya Aprili. Ukikumbuka ratiba ya shamba utaona kwamba hizo ni siku ambazo jum limekwisha kuchomwa, mbegu bado hazijapandwa, joto limefikia kilele na mvua zinasubiriwa. Kila mtu ana nafasi na kila mtu anataka maji. Siku ya kwanza watu huchuma maua na kupamba nyumba, kisha sanamu za Buddha hupelekwa mtoni au uwanjani na kuoshwa kwa maji yenye manukato. Vijana huwaendea wazee na kuwaosha au kuwamiminia maji mikononi, wakiomba radhi kwa makosa ya mwaka uliokwisha. Mchezo wa maji hufuata baada ya hayo. Chombo kikubwa, aghalabu mashua iliyojazwa maji, huwekwa kati ya safu ya wasichana na safu ya wavulana, kila mmoja huwa na kikombe, na kijana huchagua anayemmwagia. Haruhusiwi kumkamata wala kumsogelea. Ndoa nyingi zimeanzia kwenye kikombe hicho.

Mvua zikishafika, watawa hukaa mahali pamoja kwa miezi mitatu, Julai mpaka Oktoba, wasisafiri, na kijiji nacho hutulia, kwa kuwa kila mtu yuko shambani akipalilia na kuamia. Mwezi mpevu wa Oktoba hufunga kipindi hicho kwa sherehe ya Wagyai, wakati mpunga wa jum unamalizika kuvunwa. Vijana hukesha wakipika vitumbua na mikate ya mchele mpya kwa ajili ya watawa na majirani, taa za karatasi zenye moto ndani yake huachiwa zipae angani kwa heshima ya unywele wa Buddha, na mjini Bandarban gari kubwa la mianzi na karatasi lenye umbo la ndege wa hadithi huvutwa barabarani kwa nyimbo mpaka mto Sangu, ambako hukabidhiwa kwa maji. Mimi huipenda Wagyai kuliko Sangrai. Watu wanakuwa wameshiba, na wanajua kwamba mwaka huu hawatakopa mchele.

Lakini ardhi ya kufanya hayo yote imepungua, na sababu zake zinajulikana. Serikali ya kikoloni ilianza katika miaka ya 1870 na 1880 kutenga misitu ya hifadhi ambamo jum ilipigwa marufuku. Mwaka 1962 bwawa la umeme la Kaptai kwenye mto Karnaphuli lilikamilika na kuzamisha takriban hekta 22,000 za mashamba ya mabondeni, yapata asilimia 40 ya ardhi nzuri ya kilimo katika eneo zima; watu wapatao 100,000 walihamishwa, wengi wao Wachakma, na waliohama walihitaji kulima kwingine, mara nyingi kwenye miteremko ya wenzao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliwaleta mamia ya maelfu ya Wabengali kutoka tambarare, wakati ambapo vita vya msituni kati ya wapiganaji wa milimani na jeshi la serikali vilikuwa vimeanza. Miteremko mingi ya Bandarban imekodishwa kwa watu wa nje kwa mashamba ya misaji na mpira, na kandokando ya mto Matamuhuri tumbaku imechukua mashamba ya mpunga, na majani yake hukaushwa kwa kuni za milima hiyohiyo.

Matokeo yake ni hesabu rahisi. Jum inahitaji ardhi ilale. Zamani mteremko uliolimwa mwaka mmoja uliachwa kwa miaka 10 au zaidi, msitu ukarudi, udongo ukapona. Leo mara nyingi hulala miaka 3 au 4 tu, mavuno hupungua, na mkulima hulaumiwa kwamba mila yake inaharibu mazingira. Lawama hiyo naikataa kwa nguvu zote. Utaratibu uliowalisha watu kwa karne nyingi bila kuimaliza misitu haukugeuka kuwa mbaya wenyewe. Ulinyang'anywa nafasi ya kufanya kazi. Mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 2 Desemba 1997 uliahidi kutatua migogoro ya ardhi, na sheria ya tume ya ardhi ikapitishwa mwaka 2001, lakini maelfu ya mashauri bado yanasubiri uamuzi.

Vijana hawasubiri. Wengi wamehamia katika viwanda vya nguo vya Chittagong, wakishona mashati ya kwenda Ulaya, na hurudi nyumbani Aprili kwa ajili ya Sangrai. Wapo walioliletea jina la jamii yao heshima mbele ya taifa zima. Katika vita vya ukombozi vya mwaka 1971, vilivyoitenga Bangladesh na Pakistan, chifu wa Mong, Mong Prue Sain, alijiunga na wapiganaji na kuwapa mali yake, na mwanajeshi U. K. Ching Marma wa Bandarban alitunukiwa Bir Bikram, nishani ya tatu kwa ukubwa ya ushujaa nchini. Tarehe 22 Desemba 2021 msichana wa Kimarma kutoka Khagrachhari, Anai Mogini, alifunga bao pekee lililoipa Bangladesh ushindi dhidi ya India katika fainali ya soka ya wasichana wa chini ya miaka 19 wa Asia Kusini. Nchi nzima ilishangilia, na nilishangilia nao.

Katika elimu kuna hatua moja ya kweli. Tangu mwaka 2017 serikali imechapa vitabu vya watoto wa madarasa ya mwanzo kwa lugha tano za jamii ndogo, Kimarma kikiwemo. Upungufu uko kwa walimu, maana wengi wanaozungumza Kimarma hawakuwahi kufundishwa kukisoma, na vitabu hukaa kabatini. Palipo na mtawa mzee anayejua herufi na mwalimu kijana aliye tayari kumsikiliza, kazi inakwenda, na ningependa kuona wawili hao wakilipwa kukaa darasa moja.

Kwa anayefikiria kwenda: mgeni kutoka nje ya Bangladesh huhitaji kibali cha serikali kabla ya kuingia wilaya za milimani, na huombwa mapema. Vua viatu kabla ya kupanda kyang, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukinunua thami nunua kwa mwanamke aliyeifuma, kwa bei anayoitaja. Hoteli za Bandarban hujaa Aprili, lakini mimi ningekushauri uende mwishoni mwa Septemba, njia zikiwa bado na matope, miteremko ya jum ikiwa imeiva rangi ya dhahabu na familia nzima ziko dunguni. Ukikaribishwa kuvuna, kubali. Mundu watakupatia, na mchele mpya utaula jioni hiyohiyo.